Saksafoni ya Morphine haikukalia kiti cha gitaa

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua nisahihishe makala iliyotoka kwenye kurasa zenu za burudani kuhusu Morphine, bendi ya watu watatu ya Cambridge, Massachusetts, Marekani. Mwandishi wenu alieleza kwamba bendi hiyo ilitoa gitaa ikaweka saksafoni, halafu akawashauri vijana wenye bendi nao watoe gitaa, watafute mpulizaji, wapate roki yenye ladha ya jazi. Bendi itakayofuata ushauri huo kama ulivyo itaambulia mvumo mmoja mzito, hujui besi ni ipi na saksafoni ni ipi, na lawama zote zitamwangukia fundi wa mitambo ya sauti.

Saksafoni ya Morphine haikukalia kiti cha gitaa. Kiti kile kiliachwa wazi makusudi. Gitaa katika roki lina kazi mbili: linajaza eneo la katikati la sauti, tuseme kuanzia Hz 300 hadi 3,000 (Hz ni idadi ya mitetemo ya sauti kwa sekunde), na linatamka kodi kamili, yaani noti zinazolia pamoja, do-mi-so, ili msikilizaji ajue wimbo uko meja, wenye sauti ya uchangamfu, au maina, wenye sauti ya huzuni. Morphine waliziacha kazi zote mbili bila mwenyewe. Besi, saksafoni ya baritoni na sauti ya mwimbaji vyote vilikaa chini. Dramu peke yake ndiyo iliyopanda juu, kwa matoazi. Mark Sandman, kiongozi wao, aliuita mtindo huo roki ya chini.

Makala ilimtaja Sandman tu, kana kwamba wengine walikuwa wasindikizaji. Sandman alizaliwa mwaka 1952 huko Newton, jirani na Boston, na kabla ya Morphine alikuwa katika Treat Her Right, bendi ya bluzi na roki ya miaka ya 1980 ambamo tayari alikuwa akipiga gitaa lililoshushwa sauti. Mpiga dramu wa bendi hiyo alikuwa Billy Conway, aliyesimama mbele ya dramu moja ndefu ya wima, ile inayopigwa juu kwa fimbo na chini kwa pedali. Morphine yenyewe ilianza mwaka 1989: Sandman kwenye besi ya nyuzi mbili na uimbaji, Dana Colley kwenye saksafoni, Jerome Deupree kwenye dramu. Mwaka 1993 Deupree aliachia kiti kwa sababu za afya na Conway akakishika. Katika albamu ya mwisho wapiga dramu hao wote wawili wapo.

Mlango wa jazi ulifunguliwa zaidi na Deupree kuliko na Colley, na hili halisemwi mara nyingi. Deupree alikuwa ametoka Either/Orchestra, bendi kubwa ya jazi ya Boston inayoongozwa na mpiga saksafoni Russ Gershon. Albamu ya kwanza ya Morphine, Good ya mwaka 1992, ilitolewa na Accurate, lebo ya Gershon huyo huyo, kabla lebo ya Rykodisc ya Salem haijaichukua na kuitoa upya mwaka uliofuata. Either/Orchestra si wageni kabisa upande wetu wa bara: mwaka 2004 walipiga Addis Ababa, na rekodi ya onyesho hilo ikatoka mwaka 2005 kama juzuu ya 20 ya Éthiopiques, mfululizo wa rekodi za muziki wa Ethiopia. Ila hayo yalitokea Deupree akiwa ameshaondoka zamani, kwa hiyo asitokee mtu akaandika kwamba Morphine walikuwa na damu ya Ethiopia.

Sasa jazi iko wapi? Anayeitafuta kwenye solo za Colley anaitafuta pasipo. Nyimbo nyingi za Morphine zimekaa juu ya kodi moja au mbili, mpangilio wake ni wa roki na bluzi, na solo ni fupi. Kuwaita wanajazi ni kuwavika kanzu isiyo yao. Jazi iko kwenye ule uamuzi wa kuiacha kodi bila kuitamka. Mwaka 1952, Los Angeles, mpiga baritoni Gerry Mulligan aliunda kundi la watu wanne lisilo na piano: baritoni yake, tarumbeta ya Chet Baker, besi na dramu. Piano haipo, gitaa halipo. Kila mpulizaji alilazimika kuchagua noti ambayo, ikijumlishwa na ya besi, ingemfanya msikilizaji asikie kodi ambayo hakuna aliyeipiga. Hesabu ya Morphine ni hiyo hiyo, wakiwa wamepunguza mpulizaji mmoja zaidi. Na ule mchezo wa Colley wa kupuliza saksafoni mbili, ya baritoni na ya tena, kwa wakati mmoja unatoka kwa mwanajazi Rahsaan Roland Kirk. Unapendeza jukwaani, lakini kila chombo kinapata mkono mmoja tu, noti zinazofikika ni chache, na ndiyo maana vipande hivyo huwa vifupi na vya kurudiarudia. Bendi changa isianzie hapo.

Kosa la pili la makala ni kusema Morphine hawakuwa na gitaa kabisa. Jukwaani, kwa kawaida, ndiyo. Kwenye rekodi, hapana. Katika Cure for Pain ya mwaka 1993, albamu iliyowapa jina, Sandman anapiga pia ogani, gitaa na kile chombo alichokiita tritar, chenye nyuzi mbili za gitaa na moja ya besi. Na wimbo mmoja una mandolini ya Jimmy Ryan. Vyombo hivyo vinaingia kwa kuchungulia. Kanuni haikuwa kwamba gitaa ni haramu, kanuni ilikuwa kwamba eneo la katikati lisijazwe kwa mazoea.

Na nyuzi mbili za besi ya Sandman, peke yake, hazileti mtindo huu. Ushahidi ni Chris Ballew, aliyewahi kupiga na Sandman katika kundi la watu wawili. Baadaye Ballew aliunda The Presidents of the United States of America kule Seattle, yeye akiwa na chombo cha nyuzi mbili na mwenzake cha nyuzi tatu. Muziki wao ni mwepesi, unarukaruka, wa kuchekesha. Idadi ya nyuzi ilikuwa karibu ile ile, eneo la sauti likawa jingine kabisa. Msomaji wa Dodoma aliyezoea zeze hatahitaji kuambiwa hili mara mbili.

Kwa bendi inayotaka kujaribu, kazi inaanza kwenye besi, na nitakaa hapo kwa muda kwa sababu ndipo wengi wanapokwama.

Chukua besi ya kawaida ya nyuzi nne, yenye urefu wa milimita 864 kutoka kile kipande cha mifereji kichwani hadi kwenye daraja, pale nyuzi zinapofungwa mwilini. Toa nyuzi zote. Rudisha mbili tu, kwenye mifereji miwili ya kati, ili slaidi, kile kipande cha bomba kinachovishwa kidoleni ambacho Sandman alipigia besi yake, kiwe na nafasi pande zote mbili na kisiteleze nje ya shingo. Kisha amua namna ya kutyuni, maana unene wa nyuzi utaufuata uamuzi huo.

Unaweza kuzityuni nyuzi zote mbili noti moja, kwa mfano A ya Hz 55. Hapo nunua nyuzi mbili za unene mmoja, inchi 0.085 kila moja. Hazitalingana kikamilifu, na hilo ndilo unalolitaka: zikitofautiana nusu Hz, sauti itavimba na kunywea mara moja kila sekunde mbili, besi ikasikika nene bila kifaa chochote cha umeme. Tofauti ikifika Hz 1 unene unageuka uchachu, kwa sababu huko chini Hz 1 ni karibu theluthi moja ya nusu toni, ile hatua ndogo kabisa kati ya noti mbili. Unaweza pia kuzipishanisha kwa oktava, yaani noti ile ile kwa Hz mara mbili, A ya Hz 55 na A ya Hz 110. Uzi wa juu uwe inchi 0.040, usiulazimishe ule wa G wa 0.045 kupanda toni nzima.

Namna ninayoipendekeza kwa anayeanza ni do na so. Hapa kuna mtego. Wengi huacha uzi wa A kama ulivyo na kuupandisha wa D hadi E. Mkazo wa uzi hupanda kwa mraba wa Hz za noti, kwa hiyo kupanda toni moja kunaongeza karibu asilimia 26, na shingo inavutwa zaidi upande mmoja. Ama weka uzi mwembamba zaidi, inchi 0.060 au 0.055, ama fanya kinyume: acha D ikae mahali pake, ushushe A hadi G. Mkazo wa uzi mzito utapungua karibu asilimia 21. Utalegea kidogo, lakini slaidi haitaki uzi uliokakamaa sana, na G ina faida nyingine upande wa saksafoni nitakayoieleza.

Faida ya do na so ni hii. Slaidi inazigusa nyuzi zote mbili kwa mstari mmoja ulionyooka, kwa hiyo popote utakapoipeleka utapata do na so, kamwe hutapata mi. Besi inakuwa nzito kama kodi bila kusema meja au maina. Mi inabaki mikononi mwa mwimbaji au mpulizaji. Mwimbaji akiimba mi ya kawaida, wimbo ni meja; akiishusha nusu toni, papo hapo umekuwa maina, na katika mstari mmoja anaweza kwenda na kurudi. Ule utata wa Morphine, huzuni isiyo na uhakika kama ni huzuni, sehemu kubwa unatoka hapo. Mpiga gitaa akiongezwa na kodi zake kamili, utata umekwisha kabla mwimbaji hajafungua mdomo.

Tatizo la kwanza litakalojitokeza ni shingo. Nyuzi nne za besi huvuta kwa jumla kilo 70 hadi 80 hivi. Ukibakiza mbili, mvuto unashuka hadi nusu, lakini chuma kilichopita ndani ya shingo bado kinapambana na mvuto wa zamani. Shingo inapinda kurudi nyuma, nyuzi zinaanza kugonga freti (vile vyuma vinavyokatiza shingo) za mwanzo, na mpigaji anadhani amenunua nyuzi mbovu. Legeza chuma hicho kwa ufunguo wake, robo ya mzunguko, kinyume cha mshale wa saa, uiache besi ilale usiku mmoja, upime tena. Asiyewahi kufanya kazi hiyo ampelekee fundi wa magitaa, kwa sababu chuma kikikatika ndani, gharama ya kukitoa inaweza kuzidi bei ya besi.

La pili ni kimo cha nyuzi. Kwa vidole, milimita 2 hadi 2.5 juu ya freti ya 12 inatosha. Kwa slaidi pandisha hadi milimita 4, kwa zile skrubu ndogo za darajani. Chini ya hapo slaidi itakandamiza uzi hadi uguse freti, utasikia mlio wa bati. Kichwani nako nyuzi ziinuliwe kidogo. Kijiti chembamba cha plastiki chini ya kipande cha mifereji kinafaa.

Slaidi yenyewe iwe nzito. Uzi wa besi una uzito mkubwa, slaidi ya alumini inatetemeka pamoja nao na sauti inakufa mapema. Kioo kinene kinatoa sauti laini, chuma au shaba sauti inayodumu. Bomba la shaba la maji la milimita 22, lililokatwa sentimita 6 na kupigwa tupa kingoni, linafanya kazi vizuri kwa kidole cha kawaida. Livae kidole cha pete au cha mwisho, na vidole vilivyo nyuma yake vilale kwa wepesi juu ya nyuzi. Usipovilaza, kile kipande cha uzi kati ya slaidi na kichwa nacho kinalia, noti nyingine kabisa, na watu watasema mpigaji hajatyuni.

Slaidi ikae juu ya chuma cha freti penyewe. Mazoea ya vidole ni kubonyeza nyuma ya freti, na mazoea hayo ndiyo yanayowafanya wengi wasikike wameshuka. Na kosa lile lile linakua kadiri unavyopanda: kutoka kichwani hadi freti ya kwanza ni karibu milimita 48, lakini kutoka freti ya 12 hadi ya 13 ni milimita 24 tu. Slaidi ikikosea milimita 3 huku chini unaweza kusamehewa. Juu kule kosa ni mara mbili, na sikio halisamehi.

Kuhusu aina ya nyuzi kuna ubishi. Nyuzi bapa hazikwaruzi slaidi inapotembea, na mafundi wa studio huzipenda. Mimi nasema tumia zile za kawaida zenye mizunguko ya waya. Bendi haina gitaa. Mkwaruzo ule ni miongoni mwa sauti chache za juu ambazo besi inaweza kuitolea.

Tuje kwenye saksafoni. Zilizozoeleka kwenye bendi zetu za dansi ni alto na tena, na makala ilizungumza kana kwamba yoyote inafaa. Ukiweka alto juu ya besi ya nyuzi mbili unapata bendi nyingine, inaweza kuwa nzuri, ila haitakuwa ya namna hii. Baritoni ni chombo cha E-fleti, yaani mpulizaji akisoma C, inayosikika ni E-fleti. Zile zenye kitufe cha A ya chini zinashuka hadi C ya Hz 65. Zisizo nacho zinaishia D-fleti ya Hz 69. Kwa hiyo chini kabisa inakutana na besi uso kwa uso.

Hapo ndipo ufunguo wa wimbo unapokuwa na maana. Besi ikikaa A, mpulizaji wa baritoni anasoma F-shapu: maina yake ina shapu 3, yaani noti tatu za kupandisha nusu toni, meja ina shapu 6. Besi ikikaa G, yeye yuko E; ikikaa C, yuko A. Bendi zilizozoea kupanga nyimbo kwa raha ya mpiga gitaa humtesa mpulizaji bila kujua, halafu zinashangaa kwa nini anapuliza kwa woga. Besi iliyotyuniwa G na D, kama nilivyoshauri, inampa E, ambayo vidole vinaizoea upesi. Tena G ya chini kabisa ya besi hiyo ni Hz 49, na G ya chini kabisa ya baritoni ni Hz 98: oktava nzima kati yao, bila kupanga chochote.

Mgawanyo wa kazi uwe hivi: besi ikishikilia, saksafoni ianzie oktava moja juu, saksafoni ikishuka chini, besi ipunguze au inyamaze. Kupiga mstari mmoja kwa pamoja, besi na saksafoni, ni silaha kubwa ya mtindo huu, na kama silaha zote inapoteza nguvu ikitumiwa wimbo mzima. Vipimo vinne au vinane vya mdundo, kisha waachane.

Mambo madogo ya baritoni: ina uzito wa kilo 5 hadi 6, hivyo mkanda wa mabegani ni bora kuliko wa shingoni kwa onyesho la saa mbili. Mwanzi wa mdomoni namba 2.5 unatosha kuanzia. Ulowekwe kabla ya kupuliza, la sivyo noti za chini zitapasuka. Maikrofoni iwekwe umbali wa sentimita 30 hadi 50, ikitazama kati ya mdomo mpana wa saksafoni na mwili wenye vitufe. Sauti ya saksafoni inatoka kwenye matundu yaliyo wazi, ni noti za chini tu ndizo zinazotokea kwenye mdomo huo kwa wingi. Ukichomeka maikrofoni ndani ya mdomo huo, noti tatu za chini zitanguruma na nyingine zote zitasikika zimetoka chumba cha pili.

Dramu nitaipitia haraka. Mpigaji ndiye pekee aliye juu ya Hz 3,000 kwa muda mrefu, kwa hiyo kila toazi linasikika mara mbili zaidi ya linavyosikika kwenye bendi yenye magitaa mawili. Apige machache. Dramu ya mguu isitafutiwe mshindo mkubwa kule Hz 60, hapo pana wenyewe. Iongezewe kidogo kati ya Hz 2,500 na 4,000 ili msikilizaji asikie pedali inapogonga.

Sauti ya Sandman ilikuwa nzito, na aliimba kama anayezungumza na mtu wa kiti cha pili. Aliweza kufanya hivyo kwa sababu hakuwa na gitaa la kushindana nalo. Mwimbaji anayetaka joto lile aisogelee maikrofoni ya jukwaani ya kawaida hadi zibaki sentimita 5 hadi 10. Maikrofoni za namna hiyo huongeza sauti za chini mdomo unapokaribia. Lakini hapo hapo anaongeza tope kwenye eneo la besi, basi fundi akate sauti zilizo chini ya Hz 100 kwenye njia ya mwimbaji katika mitambo.

Fundi mitambo naye asiachiwe kubahatisha. Njia ya saksafoni ikatwe chini ya Hz 60, maana hakuna noti yake huko, kilichopo ni pumzi na mitetemo ya jukwaa. Eneo la hatari ni Hz 200 hadi 300, ambako besi, saksafoni na mwimbaji wote wana sauti zao za pili na za tatu, zile zinazolia juu ya noti yenyewe. Ashushe desibeli 3 hapo kwenye saksafoni, na besi aiache. Akishusha kwenye zote tatu bendi itapungua mwili; asiposhusha popote atapata ule mvumo nilioutaja mwanzoni. Na asimalize kazi kwa kusikiliza kwa simu. Spika ya simu haitoi karibu chochote chini ya Hz 200, sikio linajazia besi kwa kukisia kutokana na sauti za juu yake. Wasomaji walioujua muziki wa Morphine kwa simu tu bado hawajaisikia bendi. Watafute hata spika za redio ya zamani zenye koni ya inchi 8.

Katika kusikiliza, anzeni na Cure for Pain, kisha Yes ya mwaka 1995, ambayo ina kasi zaidi. Like Swimming ya mwaka 1997, iliyotoka chini ya lebo ya DreamWorks, imepangwa vizuri kuliko zote na kwa maoni yangu inachosha kuliko zote. The Night, ya mwaka 2000, ndiyo inayomfaa mwanamuziki: kuna sauti za ziada, nyuzi, piano, waimbaji wa nyuma, na bado eneo la katikati halijazibwa. Isikilizeni mkiuliza kila chombo kimeingia Hz ngapi na kimetoka lini.

Sandman hakuiona ikitoka. Makala ilisema alifia Roma. Alianguka jukwaani Palestrina, mji ulio mashariki ya Roma, tarehe 3 Julai 1999, katika tamasha la Nel Nome del Rock, kwa mshtuko wa moyo, akiwa na miaka 46. Mwaka 2009 Colley na Deupree walirudi kupiga kwenye tamasha hilo hilo pamoja na Jeremy Lyons, mpiga gitaa na mwimbaji aliyetokea New Orleans, na kundi hilo baadaye likajiita Vapors of Morphine. Conway alifariki Desemba 2021.

Kwa bendi itakayojaribu, utaratibu wa kupima mitambo uwe kinyume cha mazoea. Kwa kawaida dramu ndiyo hutangulia. Hapa aanze mwimbaji, aimbe kwa sauti yake ya kawaida bila kupaza. Ifuate saksafoni, ishuke hadi noti yake ya chini kabisa, na mwimbaji aendelee kusikika. Halafu besi, nyuzi zote mbili wazi, kwa nguvu. Dramu iingie mwisho, na kama maneno ya mwimbaji yamepotea, asiongezwe yeye. Wapunguzwe waliomfuata, kuanzia matoazi.

Msomaji wenu,
Dar es Salaam